Neno Kapwa na Elimu ya Nafsi katika Ufilipino

Taifa lililotawaliwa na wageni kwa muda mrefu aghalabu hupata uhuru wa bendera kabla ya uhuru wa maneno. Majina ya barabara yaweza kubadilishwa kwa siku moja. Lakini jinsi wasomi wa nchi wamtazamavyo mwananchi mwenzao, wampimavyo na wamhukumuvyo, huweza kubaki ile ile waliyofundishwa na mtawala. Makala haya yanaeleza habari za wataalamu wa Ufilipino ambao, tangu 1971, walijaribu kulirekebisha jambo hilo katika tawi moja la elimu, nalo ni elimu ya nafsi, au saikolojia kama wengi waiitavyo. Jina la tawi ni saikolojia, walakini kiini cha mashindano yenyewe kilikuwa lugha: neno moja lina maana gani, lina ndugu gani, na ni nani mwenye haki ya kulifasiri. Kwa sababu hiyo naliona ni jambo linalowahusu wachunguzi wa lugha kama linavyowahusu waganga wa akili.

Kwanza yafaa kukumbuka mambo yalivyokuwa. Visiwa vya Ufilipino vilitawaliwa na Wahispania tangu 1565 hata 1898, muda uliopita karne tatu. Mwishoni mwa 1898, kwa mapatano ya Paris, Hispania iliwaachia Wamarekani visiwa hivyo kwa malipo ya dola milioni 20. Na Wafilipino, ambao walikuwa wamekwisha kutangaza uhuru wao Juni 12 mwaka ule ule, hawakuulizwa neno. Vita vikafuata. Mtawala mpya hakutegemea bunduki peke yake. Katika 1901 meli iliyoitwa Thomas ilitia nanga Manila ikiwa na walimu wapatao mia tano, wanaume kwa wanawake, na Kiingereza kikawa lugha ya darasa. Chuo Kikuu cha Ufilipino kilipoanzishwa katika 1908 kilifuata njia hiyo hiyo. Idara ya saikolojia ilipopata kusimama chuoni hapo katika 1926 mkuu wake alikuwa Mfilipino, Agustin Alonzo, aliyesomea Chicago. Mwalimu alikuwa mwananchi, basi, lakini elimu aliyoifundisha, pamoja na mifano yake na vipimo vyake, ilikuwa imevuka bahari.

Upande wa lugha, mwendo ulikuwa wa polepole. Mwishoni mwa 1937 Rais Manuel Quezon alitangaza Kitagalogi kuwa msingi wa lugha ya taifa. Katika 1959 lugha hiyo ikapewa jina la Pilipino. Na katiba ya 1987 ikaithibitisha kwa jina la Filipino. Uhuru wenyewe ulikuja 1946. Hivyo kwa muda wa kizazi kizima baada ya bendera kupandishwa, kijana aliyetaka kujua habari za akili, hofu, haya na upendo wa watu wake alikuwa hana budi kuzisoma kwa lugha ambayo mama yake hakuitumia kumbembelezea.

Katika miaka ya 1960 ulikuja uchunguzi mpya ambao kwa mtazamo wa kwanza ulionekana kuliponya jambo hili. Padri Frank Lynch, Mjesuiti aliyezaliwa Marekani na ambaye alikuwa amewachunguza kwa karibu watu wa Bikol, alishiriki katika 1960 kuanzisha taasisi ya uchunguzi wa utamaduni wa Ufilipino katika Chuo Kikuu cha Ateneo de Manila. Yeye na wenzake hawakuyadharau maneno ya wenyeji. Waliyakusanya, wakayaandika, wakayafanya vichwa vya sura. Lynch alisema kwamba Mfilipino huthamini sana kukubaliwa na jamii, na kwamba ili akubaliwe hujitahidi mahusiano yake na watu yaende laini bila ya mikwaruzo. Hufanya hivyo kwa pakikisama, yaani kuafikiana na wenzake. Kwa kutumia maneno ya tafsida. Na kwa kumtuma mshenga palipo na jambo zito. Kinachomzuia asivunje desturi hiyo ni hiya, yaani haya, pamoja na kuchelea kuumizwa heshima yake. Wengine waliandika juu ya utang na loob, deni la fadhila, na Padri Jaime Bulatao, Mfilipino, akaandika juu ya hiya katika 1964.

Yote haya yaliandikwa kwa bidii na kwa nia njema. Hata leo mtu akiyasoma atakuta humo mambo mengi ya kweli, na mimi si katika wale wanaompuuza Lynch. Lakini tazama picha inayotokea orodha hiyo ikikamilika. Mfilipino amekuwa mtu wa kukubali, wa kuona aibu, wa kudaiwa fadhila, wa kuogopa kugombana na wengi. Kila neno lilipewa mwenziwe mmoja wa Kiingereza, na kuanzia hapo aliyefanya kazi ni yule wa Kiingereza. Hiya ikawa aibu tu. Utang na loob ikawa deni. Pakikisama ikawa kujisalimisha kwa rai ya kundi. Ikiwa nchi ni maskini na viongozi wake ni wala rushwa, basi sababu imekwisha kupatikana, nayo imo katika nafsi ya mwananchi wala si katika historia yake. Ndilo lililokuwa hatarini, na ndiyo maana ugomvi juu ya maana ya maneno haukuwa mchezo wa wanakamusi.

Aliyeanzisha ugomvi huo alikuwa Virgilio Enriquez. Alizaliwa 1942 katika wilaya ya Bulacan, kaskazini ya Manila, katika nchi yenyewe ya Kitagalogi. Alianza kufundisha saikolojia Chuo Kikuu cha Ufilipino katika 1963, na miaka mitatu baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Northwestern, katika jimbo la Illinois huko Marekani, ambako alipata shahada ya udaktari katika saikolojia ya jamii. Aliporudi katika 1971 alikuta Manila imebadilika. Mwaka uliotangulia wanafunzi walikuwa wamejaa barabarani wakipinga serikali ya Ferdinand Marcos na nguvu za Marekani, na mwaka uliofuata, Septemba 1972, Marcos alitangaza sheria ya kijeshi. Enriquez akishirikiana na Alfredo Lagmay, mkuu wa idara aliyekuwa amesomea Harvard, alianza uchunguzi juu ya mizizi ya saikolojia katika historia na utamaduni wa nchi. Akafungua pia nyumba ya uchunguzi ambamo yalikusanywa maandishi yaliyohusu jambo hilo. Katika 1975 ulifanyika mkutano wa kwanza wa taifa juu ya kile walichokiita Sikolohiyang Pilipino, na chama chake kikazaliwa. Jina lenyewe lachekesha kidogo: sikolohiya ni neno la Kihispania lililovaa tahajia ya Kifilipino, kama vile saikolojia yetu ilivyo neno la Kiingereza lililovaa yetu. Hawakuona haya kulitumia. Walichogombania hakikuwa damu safi ya maneno.

Enriquez alitofautisha njia mbili za kuifanya elimu ya kigeni iwe ya wenyeji. Njia moja hutoka nje kuingia ndani: nadharia huja ikiwa imekwisha kuundwa, hutafsiriwa, hupimwa kwa wenyeji, na pale isipowatosha hupunguzwa hapa na kuongezwa pale, kama kanzu ya kununua. Ya pili hutoka ndani: huanza na mambo ambayo wenyeji wenyewe wana maneno ya kuyasemea, hutafuta nadharia humo, kisha ndipo huitoa nje ikutane na nadharia za wengine. Kwa mizani hiyo kitabu kilichojaa maneno ya Kifilipino chaweza bado kuwa cha njia ya kwanza, ikiwa maneno hayo yamepachikwa katika mpango uliotungwa kwingine. Hapa ndipo Enriquez alipowapita wengi waliopiga kelele ya utaifa. Hakutosheka kuona neno la nyumbani juu ya jalada.

Neno alilolichagua kuwa kiini cha mafundisho yake, katika makala aliyoyatoa 1978, ni kapwa. Kamusi za Kiingereza hulifasiri kwa neno lenye maana ya wengine. Tafsiri hiyo, alisema Enriquez, inavunja neno katikati. Kwa Kiingereza wengine ni wale wasio mimi. Ukiwataja umekwisha kujitenga nao. Kapwa lakusanya pamoja mimi na yule asiye mimi. Katika matumizi ya kila siku kapwa guro ni mwalimu mwenzangu, na kapwa sila guro maana yake wote wawili ni walimu. Neno moja ladai kwamba kuna wawili na kwamba kuna jambo linalowaunganisha.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuzungukia Kiingereza ili aelewe. Tunalo mwenzi, ambalo aghalabu halitembei peke yake bali huchukua mwenyewe mgongoni: mwenzangu, mwenzako, mwenzetu. Hapana mwenzangu pasipo mimi. Walakini mwenzangu si kapwa kabisa. Tusemapo mwenzetu huweza kuwa tumemtoa yule asiye mwenzetu, ilhali kapwa humwingiza hata mgeni. Wafilipino hugawanya watu kuwa ibang-tao, mtu mwingine, na hindi ibang-tao, asiye mtu mwingine, yaani aliye kama sisi. Wote wawili ni kapwa. Mpaka uliopo ni mpaka wa ndani ya nyumba moja, kati ya baraza na vyumba.

Carmen Santiago na Enriquez, katika maandishi yao ya 1976, walizipanga hatua za kukaribiana kwa watu kufuata maneno ambayo lugha yenyewe inayo. Karibu yote huanza kwa pakiki-, kiambishi ambacho huonyesha kufanya jambo pamoja na mtu, na ambacho kwa kazi yake kinaikumbusha kauli yetu ya kutendana. Kwanza ni pakikitungo, kuamiliana kwa adabu. Kisha huja kuchanganyika, kushiriki, na kujilinganisha na walio mbele yako. Ya tano ni pakikisama, kuafikiana. Hatua hizi tano ni za ibang-tao. Baada yake mtu huvuka kizingiti: pakikipagpalagayang-loob, watu kuaminiana na kutulizana nyoyo, pakikisangkot, kujitia katika mambo ya mwenzio hata yakikugharimu, na mwisho pakikiisa, kuwa mmoja naye, kwani isa ni moja.

Itazame pakikisama mahali ilipo. Tabia ile ambayo wachunguzi wa miaka ya 1960 waliiweka moyoni mwa Mfilipino, kwa mpango huu imeketi barazani. Ni adabu ya mwisho apewayo mtu ambaye bado hajakaribishwa ndani. Matokeo yake kwa elimu ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Mchunguzi akija na orodha yake ya maswali, akakaa siku mbili tatu, akaandika majibu na kuondoka, yeye ni ibang-tao. Na ibang-tao huafikiwa. Hujibiwa yale yanayodhaniwa kumfurahisha. Akirudi mjini akaandika kwamba watu hawa wanapenda mno kuafikiana, amesema kweli juu ya jinsi walivyomtendea yeye. Sisemi kwamba Lynch mwenyewe alikuwa mgeni wa siku mbili, hakuwa. Lakini wengi waliotumia orodha yake walikuwa hivyo, na namba zao zilijaa katika majarida. Santiago na Enriquez walishauri kwamba mchunguzi asitegemee maneno aliyoambiwa mpaka afike walau kwenye hatua ya sita.

Enriquez aliongeza ushahidi mwingine, wa matusi, ambao mimi nauona mzuri kuliko yote. Mtu aweza kusemwa hana pakikisama, na ni aibu. Aweza kusemwa hana hiya au hana utang na loob, na ni aibu kubwa zaidi. Lakini akisemwa walang kapwa-tao, hana kapwa, wasikiaji hushtuka na pengine hukataa kuamini, kwa kuwa mtu kama huyo amefika mwisho wa ubaya. Mzungumzaji wa Kiswahili atautambua mpando huo bila ya kufundishwa. Hana adabu ni karipio. Hana haya ni tusi. Hana utu ni hukumu. Wala hatusemi kwamba fulani hana utu kwa sababu hakuafikiana na wengi. Aliyesimama peke yake dhidi ya kijiji kizima aweza kuwa ndiye pekee mwenye utu. Ndiyo hoja ya Enriquez kwa neno lake: pakikipagkapwa, kumtendea mtu kama kapwa, huweza kudai pakikibaka, yaani mapambano, pale kapwa anapoonewa. Katika nchi iliyokuwa chini ya sheria ya kijeshi, kufundisha darasani kwamba mapambano yamo katika tabia ya asili ya wananchi sawa na kuafikiana hakukuwa somo la bure.

Njia hii ya kulisoma neno pamoja na ukoo wake ilitumika pia kwa hiya. Mwanahistoria Zeus Salazar alionyesha jinsi viambishi vinavyoligeuza: nakakahiya ni jambo la kutahayarisha, napahiya ni mtu aliyefedheheshwa, mahiyain ni mwenye haya. Kuna hiya inayomwangukia mtu kutoka nje na kuna hiya aliyo nayo ndani kama pambo. Aliyetafsiri shina peke yake akaacha viambishi alipata jeraha akakosa pambo. Kwetu tofauti hiyo ni ya kawaida, maana hakuna achanganyaye mwenye haya na aliyeaibishwa, wala aibika na aibisha. Nami niseme hapa kwa faida ya wapenda asili za maneno kwamba kufanana kwa hiya na haya ni kwa sauti tu. Letu limetoka Kiarabu. Lao ni la ukoo wa lugha za visiwa vya Pasifiki na Asia ya kusini-mashariki, na lilikuwako kabla Mwarabu wala Mhispania hajafika.

Loob nalo lilistahili zaidi ya lilivyopewa. Maana yake ni ndani, na hufanya kazi nyingi tunazompa moyo. Lakas ng loob, nguvu za ndani, ni ujasiri. Sama ng loob, ubaya wa ndani, ni kinyongo. Kagandahang-loob, uzuri wa ndani, ni ule ukarimu utolewao bila ya kutazamia malipo. Ukiwa na ukoo huu mbele yako, utang na loob haiwezi kubaki deni la mkopo linalomfunga maskini kwa tajiri wake. Ni deni la ndani kwa ndani, na haliishi kwa kulipwa, kama vile mtu asivyoweza kumlipa mama yake akawa hana la zaidi. Nakiri kwamba wanasiasa wamelitumia neno hilo kununulia kura, na wataendelea. Lakini hilo si kosa la neno.

Juu ya bahala na nitapita upesi. Watu hulisema wanapokabili jambo lisilojulikana mwisho wake, na wengi hulihusisha na Bathala, jina la kale la Mungu. Waandishi wa Kimarekani waliliona kuwa ni kukata tamaa na kuiachia kudura. Lagmay, katika 1977, alionyesha kwamba wasemaji hulitumia wakati wa kujitosa: mtu amekwisha kuiona hatari, hana habari za kutosha, naye anajipa moyo kutenda kwa werevu wake. Asemaye liwalo na liwe kisha akaingia mtoni hafanani na asemaye hivyo akarudi kulala.

Ikiwa majibu mema hayapatikani barazani, ilibidi kutafuta njia za kuingia ndani, na hapa tena walizikuta katika lugha. Tanong ni swali. Pagtatanong-tanong, kwa kulirudia shina, ni kuuliza huku na huku bila ya haraka, katika mazungumzo ambamo aulizwaye naye ana ruhusa ya kuuliza. Kiswahili chafanya vivyo hivyo kwa njia ile ile: kuuliza ni jambo moja, kuulizauliza ni jingine. Rogelia Pe-Pua aliieleza njia hiyo kwa kirefu katika 1989 na kuonyesha kwamba yafaa hata nje ya Ufilipino. Kulikuwa na pagdalaw-dalaw, kumtembelea mtu mara kwa mara. Na pakikipanuluyan, kukaa nyumbani kwa wenyeji na kula nao. Na kulikuwa na pakapa-kapa, yaani kupapasapapasa kama mtu aliye gizani, kuanza uchunguzi bila ya nadharia iliyokwisha kufungwa, ukihisi njia kwa mikono. Jina hilo liliwachukiza waliopenda sayansi ivae koti jeupe. Mimi naona ni jina la kweli, maana wengi wetu hupapasa, isipokuwa katika kuandika hujifanya kwamba taa ilikuwa inawaka tangu mwanzo.

Hata katika vipimo walifanya hivyo. Mwaka 1975 Enriquez na Maria Angeles Guanzon walitoa Panukat ng Ugali at Pagkatao, kipimo cha tabia na utu, ambacho hakikuwa tafsiri ya kipimo cha Marekani bali kiliundwa kwa sifa ambazo Wafilipino huzitumia wanapomweleza mtu.

Mafundisho haya yalipata wapinzani, na baadhi ya hoja zao hazijajibika. Ya kwanza ni ya lugha. Ufilipino ina lugha zaidi ya 170, na kapwa ni Kitagalogi. Msemaji wa Kisebuano ana isigkatawo, na mwenye lugha nyingine ana lake. Akiambiwa kwamba kiini cha nafsi ya Mfilipino kimo katika neno la Manila, aweza kuuliza kama hajabadilishiwa bwana tu. Enriquez alijibu kwamba lugha ya taifa ni mlango, na kwamba maneno ya lugha nyingine yaitwe yaingie. Jibu ni la haki, lakini mlango na chumba si kitu kimoja, na maneno yaliyoingia ni machache kuliko yaliyongojea nje. Sisi tulio na Kiswahili twapaswa kulisikiliza lalamiko hili kwa makini. Ni rahisi kusema utu kwa niaba ya Msukuma, Mkikuyu na Mluo.

Hoja ya pili ililetwa na wapimaji. Timothy Church na Marcia Katigbak waliyachambua maneno ya sifa za watu katika Kifilipino, na katika 2002 wakavilinganisha vipimo vya kienyeji na mpango wa sifa kuu tano ujulikanao Ulaya na Marekani. Waliona kwamba sehemu kubwa ya tabia zilizopimwa kwa Kifilipino zaingia katika tano hizo, ingawa chache, kama upendo wa dini na kujitosa hatarini, haziingii vizuri. Wengine walishangilia kana kwamba kapwa limeanguka. Sidhani. Kipimo cha sifa huuliza fulani ana nini ndani yake. Kapwa ni habari ya kilichopo baina ya fulani na mwenziwe, na hilo halipatikani kwa kumpima mmoja mmoja. Lakini wafuasi wa Enriquez waliosema kwamba kila kitu cha Mfilipino ni cha peke yake walipata jibu lao, na walilistahili.

Tena kuna hatari isiyotoka kwa wapinzani. Serikali ya Marcos nayo ilipenda mambo ya asili. Katika 1974 vijiji na mitaa yote ilirudishiwa jina la kale la barangay, na utawala ulijisifu kuwa warejesha utamaduni uliopotea, huku magereza yakijaa. Neno la nyumbani laweza kutumwa na yeyote mwenye nyumba. Enriquez alilijua hilo, na kitabu chake kikubwa, kilichotoka 1992, kinahesabu mwendo wote huo kuwa ni safari kutoka saikolojia ya kikoloni kwenda saikolojia ya ukombozi, wala hakiuiti kurudi katika asili.

Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza. Sababu zake hazifichikani: wale wa nje waliopaswa kujibiwa hawakusoma Kifilipino, na wengi wa ndani walikuwa wamesomeshwa kwa Kiingereza. Mtu asimcheke. Nchini Tanzania Kiswahili kimekuwa lugha ya shule za msingi tangu 1967, na chuo cha kukichunguza kilifunguliwa Dar es Salaam katika 1964. Hata hivyo mwanafunzi akifika sekondari, na zaidi akifika chuo kikuu, hufundishwa habari za nafsi yake kwa Kiingereza. Enriquez alifundisha na kuandika pia kwa Kifilipino, akaruhusu wanafunzi wake wafanye hivyo, na hayo ni zaidi ya yale ambayo vyuo vyetu vingi vimethubutu.

Alifariki San Francisco katika 1994, akiwa na umri wa miaka 51 tu. Chama alichokiasisi kimeendelea na mikutano yake, na somo lake lafundishwa. Lugha aliyolitegemea neno lake imepata misukosuko. Katika 2013 tume ya elimu ya juu ya Ufilipino ilitoa agizo jipya la masomo ya lazima ya chuo kikuu, na Kifilipino hakikuwamo tena miongoni mwa masomo hayo. Walimu wakaenda mahakamani, Mahakama ya Juu ikalizuia agizo kwa muda katika 2015, na katika 2018 ikaamua kwamba agizo ni halali. Agizo hilo hilo lasema kwamba masomo ya lazima yaliyobaki yaweza kufundishwa kwa Kiingereza au kwa Kifilipino. Basi mwalimu wa Manila au wa Cebu atakayesimama darasani kueleza kapwa ameachiwa achague mwenyewe ataeleza kwa lugha gani, na ikiwa atachagua Kiingereza, itambidi aanze kwa kusema kwamba neno hilo halina maana ya wengine.